Nyuzi Thelathini na Nane

Friji lilikufa mwaka juzi, kompresa ikakata roho,
likabaki pale Isevya likitunza vikombe na chumvi.
Leo Mama Kalunde ananiambia: Nyamizi,
lifufue, ila lisigandishe tena.
Nalitaka lipashe.

Ndoo sita za asali ya Sikonge zimeshikana.
Juni imeziuma; kijiko kinasimama wima katikati
kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni.
Ya saba aliiweka juu ya mkaa.
Mnunuzi akanusa, akafunika:
"Hii imeungua, mama." Akawasha pikipiki.
Asali haisamehe. Izidishie moto kidogo tu,
harufu ya ua la myombo inaondoka bila kuaga.

Basi, mimi na bisibisi,
na kikasha kilichonona kuliko kiberiti kidogo tu,
kimetoka Ng'ambo, kwa Kashindye wa spea.
Karatasi yake ina herufi kama vibanda vidogo
nisivyojua mlango wake uko wapi.

Nimezima swichi kubwa.
Nimepima kwa tesita, nikapima tena,
maana umeme hauna soni:
ulimng'oa Mihambo ukucha
siku alipoamini neno la mwenye nyumba, "nimezima."

Kahawia kwenye moja. Buluu kwenye mbili.
Tatu na nne ni mlango tu.
Hapo mafundi wengi hukwama,
wanasimama mlangoni wakingoja chakula,
kumbe mlango kazi yake kufunguka na kufungwa;
chakula ulete mwenyewe.
Nikavusha kipande cha kahawia toka moja hadi tatu,
nne ikaenda kwenye taa mbili za wati mia,
zile za zamani, za kuunguza mkono.
Waya wa kijani na manjano nikaukaza kwenye bati.
"Na huu unafanya nini?"
Haufanyi kitu, mama. Omba usije ukafanya.

Nikawasha. Ishirini na moja. Taa kimya.
Nikakibana kihisi kwapani
(Mama Kalunde akageuka, akacheka ukutani):
ishirini na sita, thelathini, thelathini na mbili,
ta!
zikawaka.

Kinyumenyume.
Kinaona joto, kinawasha; kinaona baridi, kinalala.
Kilizaliwa kutumikia mafriji,
kimefika ndani ya friji,
kikadhani kiko kwao.

Kitufe, sekunde tano. C inapepesa.
Mshale wa juu: H.
Herufi moja, na sheria yote ya nyumba imegeuka.

Thelathini na nane izime. Thelathini na sita iwake.
Ukikibania pengo hilo
kitagonga usiku kucha, ta-ta, ta-ta,
kama mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata,
mpaka ulimi wake wa shaba uungue.

Nilikosea pia, niseme.
Kihisi nilikitundika jirani na taa.
Robo saa, kikatangaza thelathini na nane, giza.
Nikatia kidole kwenye ndoo: baridi ya kisima.
Hakikudanganya. Kilisema habari za pale kilipo.
Nikakihamishia ubavuni mwa ndoo,
nikakifunga kwa kipande cha kanga kuukuu.

Saa tatu usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Tukakaa. Akanisimulia bei ya ndoo, ada ya shule,
mjukuu anayekohoa. Mimi nilikuwa nawaza
kama kikasha kitakumbuka.
Saa nne na nusu ukarudi:
H. Thelathini na nane. Kama hakukutokea kitu.

Alfajiri kijiko kilikuwa kimelala.

Hakusema asante. Alilamba,
akatazama dari muda mrefu:
"Ua bado limo."
Tulipatana elfu thelathini. Akanipa ishirini na tano
na chupa ya asali iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni.
Nikainama kukusanya koleo, nikiwa bado nahesabu,
na nyuma yangu, ndani ya friji,
ta.