Hatifungani

Karatasi imepanda hadi Mabatini,
imekunjwa mara nne kama leso:
ikopeshe mamlaka ya maji, miaka kumi,
bomba lifike mlimani, kingo za Mirongo zipandwe miti.

Milembe anaisoma juu ya jiwe lake,
vidole vinanuka dagaa wa Mwaloni.
Chini ziwa limejaa, wala halina habari.
Huku juu ndoo ni mia saba,
na mbebaji akiyaona mawe, anaongeza mia.

"Riba yangu itatoka wapi?"
Kwenye bili, anasema kijana wa benki.
"Bili ya nani?"
Kijana anatazama viatu vyake.

Basi najikopesha, najidai, najilipa!
Anacheka, kisha ananyamaza.
Na Nyabise hapo jirani, asiye na hata ya chumvi,
atanilipa riba kila akinywa?

Usiku anahesabu kwa mkaa ukutani:
ndoo nne, siku thelathini, miaka kumi.
Ukuta hautoshi.
Kumbe miaka yote ameikopesha kiu,
bila karatasi.

Asubuhi ananunua moja, ile ndogo kabisa.
Anatia sahihi, na pembeni,
pasipoulizwa kitu, anaandika:
bomba la Nyabise nitakuja kulifungua mwenyewe, nione.