Chupa Tatu za Kallaghe

Kallaghe kastaafu jikoni mwa meli za watu,
karudi Tanga na chupa tatu za Uhispania
alizozivisha soksi zisigongane.
Akaniita mimi, seremala wa Barabara ya Nane,
nisiyejua divai ila funda la Jumapili
toka mkononi mwa kasisi, tena ile nyekundu.

"Hii nyeupe imelala ndani ya mwaloni," akasema.
"Nimekuita kwa ajili ya mbao."

Umeme ulikatika. Foibe akaleta bilauri za chai.

Ya kwanza, miaka minne pipani.
Foibe akaiinua mbele ya mshumaa:
"Mkojo wa mtoto mwenye afya."
Nikaonja. Ganda la chungwa la Muheza
ukilibana karibu na moto likatema cheche.
Halafu ugwadu, halafu basi.

Ya pili, miaka kumi.
Korosho kikaangoni, dakika moja kabla hazijaungua.
Nta. Chumvi, sijui imetoka wapi.
Na ule ukakasi wa bibo
unaobaki kwenye fizi ukishasahau tunda.

Ya tatu hakutaja umri.
Rangi ya chai ya jana.
Nikanusa, nikaiweka chini.
Nikainusa tena.

Kopo la gundi juu ya mkaa,
karakana ya reli, mwaka sikumbuki,
maranda hadi vifundoni,
na baba, asiyegusa kileo maisha yake yote,
akipuliza vumbi kwenye mlango wa behewa.

"Vipi?" Kallaghe akauliza.
Nikamwambia mbao haifi siku ya kukatwa.
Kitanda cha mvule hulia kiangazi,
kabati la mkangazi hunukia wajukuu.
Sikumwambia habari za baba.

Yeye akaisifu ya tatu, kwa bei yake.
Foibe akashikilia ya kwanza,
akaimalizia na changu wa kukaanga.
Mimi nilirudia ya pili, nikarudia tena;
mchovya asali hachovyi mara moja.
Ile ya tatu nilimwachia mwenyewe.
Si kila siku mtu ana nguvu ya kuingia karakana ile.

Asubuhi, kichwa kizito, nikapiga randa mninga
wa meza ya mwalimu Semboja.
Randa moja likajikunja, jekundu, jepesi.
Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu.
Nikalilamba.

Uchungu, na vumbi.
Labda bado changa.