Namba ya Faili

Mbili, tisa, nne, nne, sufuri, tisa.
Karani wa Makadara ameiandika kwa wino wa kijani
kwenye kadi mpya ya Shangazi Mwanakombo.
Ya zamani ililiwa na mchwa; namba ni ileile.
Twangoja. Kaimati zavuja shira ndani ya mfuko.

Mimi husomesha hisabati kule Tudor.
Namba siwezi kuiona nikaipita bila salamu.
Laki mbili, tisini na nne elfu, mia nne na tisa:
witiri, tarakimu zake zajumlika ishirini na nane.
Tatu haiingii. Saba haiingii.
Ishirini na tatu yabakisha tisa,
ishirini na tisa yabakisha moja, moja tu,
kama tonge la adabu sahanini.

Kuna mtihani, mkongwe kuliko ukuta huu:
twaa namba yoyote, ipange safu,
iwe mara laki mbili na ushei, mara kamili za namba hii,
zizidishe zote, kisha gawa kwa namba hii.
Baki likiwa lile ulilokuja nalo,
watu husema: basi, hiyo ni tasa.
Na hii ukiipa mbili, yakurudishia mbili.
Ipe tano, tano.
Ipe idadi ya kunguru wa juu ya bati lile,
itakurudishia kunguru wote, hata yule kilema.

Tasa. Neno moja, kazi mbili:
kwa namba isiyogawika,
na kwa mwanamke ambaye mtaa wa Kuze
ulimhesabia miezi kwa miaka kumi na mitatu.
Mawifi walimpima. Mganga alimpima.
Mume alimpima kwa mke wa pili.
Jibu likarudi lilelile.

Nikageuza risiti ya stima, nikachonga penseli kwa meno.
Thelathini na moja, baki mbili.
Thelathini na saba
ikaingia. Sufuri.
Nikarudia, mkono wanitetema:
thelathini na saba, na sabini na tatu, sura yake kiooni,
na mia moja na tisa.
Toa moja kwa kila mmoja:
thelathini na sita, mara mbili yake, mara tatu yake,
vidato vya ngazi moja.
Ndivyo walivyoujibu mtihani kwa sauti moja
wasijulikane kuwa wamo.

"Shangazi," nikasema, kwa furaha ya kipumbavu,
"namba yako si tasa. Ndani mna watatu."

Akaacha kukunja ncha ya leso.
Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.
"Watatu," akasema. "Wa mwisho alitimu miezi saba.
Nani kakwambia?"

Risiti ikawa nzito mkononi.
Dirishani karani alianza kuita: mbili, tisa, nne...
Naye akainuka
kabla namba haijesha.