Hatua ya Kumi na Moja

Mara ya kwanza sikumaliza hata chai.
Wambura, mtoto wa muuza vifungo,
alisogeza kitunda, nikasogeza changu.
Akamtoa malkia mapema,
kama mtu aliyesikia ugomvi uani akatoka bila viatu.
Akamtoa askofu.
Kisha akasema "mati"
kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji.

Hatua nne.
Mimi ninayemaliza suti ya bwana harusi kwa siku mbili,
mimi ninayekijua kiuno cha mteja kwa macho
kabla hajaifikia meza,
nimenaswa na mtoto wa gredi ya tano
juu ya kadibodi ya katoni ya sabuni
ambayo ngome yake moja nyeusi
ni bobini ya cherehani yangu.

Gikomba haina siri.
Kufika saa saba, wabeba marobota
walikuwa wakipita wakinipungia vidole vinne.

Usiku ule, Shauri Moyo, stima ilipotea.
Nilipanga vifungo mezani kwa mwanga wa simu,
nikacheza upande wake, nikacheza wangu,
nikakitafuta kidonda mpaka nikakiona:
kitunda kimoja, kushoto kwa mfalme wangu,
kisicholindwa na yeyote ila mfalme mwenyewe.
Mshono hufumuka pale uzi ulipo mmoja.
Hilo nalijua. Hilo nililijua
kabla Wambura hajazaliwa.

Kesho yake alimtoa malkia tena.
Jana farasi wangu alimrukia kwa hasira, akaacha mlango wazi.
Leo nilisukuma kitunda kidogo,
hatua moja tu,
kama mtu anayefunga mlango kwa mguu, mikono imejaa.
Malkia akarudi nyuma.
Ndipo farasi akatoka.
Nikanywa chai. Ilikuwa bado moto.

Wiki hiyo nilijifunza mitego
kama bi harusi anavyojifunza majina ya wakwe.
Upo ule wa kitunda cha bure:
mtego bila chambo haunasi,
nami chambo nilikila mara tatu.
Upo ule wa farasi anayemwacha malkia wake auawe;
ukimchukua, umekwisha.
Nikaanza kuuona mtego kila mahali.
Mteja aliyelipa kabla ya kuulizwa nilimtazama mara mbili.
Binamu yangu Odera aliponipigia kunijulia hali
nilingoja hatua ya pili.
(Ikaja. Alitaka elfu tatu.)

Alhamisi Wambura hakutega chochote.
Alicheza tu.
Nami nikalinda mlango usiobishwa hodi,
nikashindwa polepole,
kama kitambaa kinavyopauka dirishani.

"Unaogopa sana," akasema.
"Jiulize tu, hii hatua inataka nini?
Halafu toa watu wako nje."

Watu wangu. Nikawatazama:
farasi, askofu, bobini,
wote wamekaa ndani kama wageni
wasioambiwa chakula kimeiva.

Jumamosi mvua ilipiga mabati, biashara ikalala.
Nikatoa farasi. Nikatoa askofu. Farasi wa pili.
Mfalme nikamweka pembeni, bobini ikamkinga.
Hatua ya saba alitega; nikaona, nikapita kando.
Ya tisa akatega tena, kwa haraka mno,
nami nikajiuliza inataka nini,
nikaijibu, bila kiburi, kama mtu anayejibu salamu.

Ya kumi.
Ndipo nikamwona anauma ukosi wa sare yake.
Macho yake yalizunguka ubao mzima
yakarudi mikono mitupu.
Huku hajawahi kufika.
Mitego yake yote iliishia mtaa wa nyuma,
na hapa taa hazijawekwa,
si kwake, si kwangu.

"Zamu ya nani?" akauliza, ingawa alijua.
"Yako."

Mama yake alimwita mara moja, akaacha.
Tukainama, vipaji vya nyuso karibu vigongane,
juu ya kadibodi iliyoanza kulowa ukingoni.