Kilo Arobaini na Nne

Fundi Namkoko, usinipime kwa macho.
Mizani ya zahanati ya Kitunda imeshasema:
kilo arobaini na nne, pamoja na kanga mbili na mtandio.
Sasa zishushe hizo mbao za ukutani nizione.

Si hizo nyembamba. Hizo nazijua.
Ni ndugu wa zile za kaka yangu Chilumba,
ndefu kama ulimi wa msengenyaji,
za mkongo, hazipindi hata ukizikalia.
Chilumba hutua juu yake kwa kisigino
kama mtu anayevunja mlango,
na tope humwitikia labeka, likampisha.
Mimi niliziazima msimu uliopita.
Hatua ya nne, ncha zikazama.
Nikabaki katikati ya jaruba, reki mkononi,
na nilipojinasua na kurudi
niliacha mashimo kumi na matatu, meusi,
kwenye chumvi iliyobakiza siku mbili ivunwe.

Msimamizi aliyahesabu moja moja,
akayakata kwenye ujira wangu.
Wanaume ukingoni wakanifundisha wote kwa mpigo:
Kandamiza! Egemea mbele! Usiliogope!
Kana kwamba woga ndio ulionizamisha.
Sikuwa na woga.
Nilikuwa na haraka ya watu wengine.

Mimi sina ugomvi na tope, fundi.
Napenda kupita taratibu, hatua fupi,
kama mtu anayekatiza sebuleni mtoto amelala.
Kwa hiyo nipe upana.
Kiganja kimoja na nusu hapa chini ya unyayo,
mbele pazidi kidogo, na ncha iinuke
kama mdomo wa bata anayeuliza jambo.
Zikisimamishwa zinifike gotini. Za kaka zinamfika kiunoni,
shauri yake.
Na mti uwe msufi,
nisije nikabeba mguuni kilo nilizokosa mwilini.
Tena zipinde. Hii uliyonipa, ona,
naikanyaga katikati, haitikisiki.
Inanisubiri ninenepe.

Fundi hakucheka. Alipuliza vumbi kwenye randa.
"Mbao pana zina deni lake," akasema.
"Kwenye kingo kavu zitakupiga makofi kila hatua.
Kona zitakuchelewesha. Goti nalo litauma."
Kwenye kingo nitazivua, nikamjibu,
nitazijitwika. Kichwa kimezoea.
Akataka elfu kumi na mbili.
Nikampa nane.

Alhamisi, jua halijawa kali,
nilishuka jaruba la sita, lile wanalolikwepa.
Ganda la chumvi lililia kidogo chini yangu
kama ukoko wa wali ukiguswa na mwiko,
lakini halikuvunjika.
Nikasimama. Nikahamisha mguu. Nikasimama.
Haikuwa kutembea wala kuteleza,
ilikuwa kitu kati ya hivyo viwili
ambacho kwetu hakina jina,
maana hakuna aliyepata nafasi ya kukipa.
Heroe wawili upande wa mikoko
walinitazama, wakaendelea kula.

"Somoe, unachelewa!"
Ni Chilumba huyo, juu ya ukingo, reki begani.
Kweli, yeye alikuwa ameshamaliza jaruba lake,
na chumvi yake, Mungu amjalie,
ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nikageuka kuangalia nilikotoka.
Niliitafuta njia yangu, sikuiona.
Ikabidi niiname, shavu karibu na chumvi,
ndipo nikaiona: mistari miwili mipana,
kina chake hakizidi unene wa ukucha,
inakuja, inakuja, mpaka nilipo.

Elfu nne za fundi bado nadaiwa.