Hesabu za Mdila

Baba hakuwahi kuandika deni.
Alilijua tu: Muhidini fundi saa, viwili vya jana,
kimoja cha juzi, atalipa Ijumaa;
na Saidi Bakathiri, Mungu amrehemu,
vikombe arubaini na tatu,
hadaiwi tena.

Mdila wa shaba juu ya seredani,
vikombe vya kaure visivyo na masikio,
tangawizi, hiliki kidogo, sukari hapana:
utamu utautafuta kwenye kashata za Bi Riziki
au kwenye maneno ya watu.
Hapo Kiponda, alfajiri, akigonga vikombe, ti-ti-ti,
hata paka walijua saa.

Kidato cha pili nilimfungulia daftari.
Mapato. Matumizi. Baki.
Alilitazama kama mtu anayeoneshwa picha ya eksirei:
"Huyo ndiye mimi?"

Nikasoma uhasibu, nikaenda Doha.
Kampuni ina mnara mwekundu kwenye kikombe,
matawi elfu kumi na nane, na hiyo ni hesabu ya jana,
kwa sababu usiku huwa yanazaa.
Siku ya kwanza walituzimia taa, wakatuonesha historia:
bwana mmoja, chumba kimoja
nyuma ya soko la samaki katika mji wa mvua,
mkopo wa shemeji na birika linalovuja.
Wateja wote aliwajua kwa majina.
Kisha wakaja wenye mitaji.
Wakanunua chumba, wakanunua birika, wakanunua jina,
na kule kuwajua watu nako wakakununua,
wakakuandika katika kanuni, ukurasa wa saba:
muulize mteja jina lake,
liandike kwenye kikombe,
liite mara mbili, utabasamu.
Mimi Mwanakombo niliandikwa Mona.
Miaka sita nilikunywa kahawa ya Mona.

Hesabu nilizifunga mimi.
Kikombe cha riali ishirini:
pango, mishahara, matangazo, haki ya nembo,
na chini kabisa, kama mdudu aliyebanwa ukurasani,
buni: dirhamu sabini.
Karatasi ya kikombe na kifuniko chake
vilizidi bei ya kilichomo.
Siku moja nikaifuata ankara hadi kwenye gunia:
Mbinga.
Gunia la baba nalo ni la Mbinga.
Nilifunga mlango wa ofisi nikacheka, kisha sikucheka.

Mwaka jana wakasema: Mona, wewe si wa Zanzibar?
Nikarudi na utepe wa kupimia na fomu.
Siku nne nilikaa Kiponda nikihesabu watu.
Wapitao kwa saa: mia tatu na kumi.
Wastani wa kukaa: saa mbili na robo.
Wastani wa kununua: kikombe kimoja na nusu.
(Ile nusu ni ya Muhidini, humwachia mjukuu wake.)
Fomu haikuwa na mahali pa kuandika
nani kaposa, nani kapatanishwa, karafuu imefika bei gani,
na mechi iliyochezwa upya kwa midomo
mpaka ikashinda timu iliyofungwa.

Kisanduku cha kumi na moja: Washindani.
Kalamu ilikaa hapo hadi wino ukafanya doa.
Nikaandika: hakuna.

Jioni nikamwambia.
Hakuuliza kama nilikuwa namficha au namfuta,
na angeuliza nisingejua.
Alinimiminia. Nikanywa. Chungu, kama ipasavyo.
Kisha akanyoosha mkono,
akachukua chaki ya wacheza dhumna,
na ukutani, chini ya mabao yao,
mtu ambaye hakuwahi kuandika deni
akaandika polepole, herufi zote kumi,
Mwanakombo: kimoja.