Ardhi Mbili

Redio ya tatu niliishusha Manyovu mwezi wa kumi na moja,
ubavu umetoboka tundu la punje ya harage,
na ndani inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya sare ya shule.
Kituo cha afya kikarudi kwenye daftari.
Rufaa za wajawazito zikaandikwa kwa kalamu,
zikapanda bodaboda hadi Kasulu, nyingine zikafika zimeloa.

Chini ya nguzo watu walikwisha kumpata mwenye kosa.
Si wingu. Si mimi.
Bi Skolastika Nyabenda, ambaye kiwanja chake kilimegwa
hatua sita ili nguzo isimame,
na ambaye siku ile, walisema, alisema, "Tutaona."
Mara tatu tumeona, walisema. Ya nne itampata mtu.
Kijana mmoja alikuwa na kiberiti, anakichezea tu,
anakitikisa karibu na sikio
kama anayetaka kujua njiti zimebaki ngapi.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na kipimo.
Nikachomeka vijiti vyangu viwili kwenye udongo mwekundu,
nikabonyeza, namba ikapanda:
omu tisini na sita.
Yoramu, msaidizi wangu, akapiga mluzi.
Tukafukua. Ufito wa fundi aliyenitangulia
ulikuwa mfupi kama mwiko, umeegeshwa juu ya jiwe,
na waya wake wa shaba umekatwa, ncha bado inang'aa
(bangili fulani sokoni inajua ulikokwenda).
Nguzo ilikuwa na ardhi yake, mbovu.
Jengo lilikuwa na ardhi yake, nzuri.
Katikati, kebo nyembamba kuliko kidole cha mtoto.
Ardhi mbili zisizosalimiana:
radi ikishuka, kebo hiyo ndiyo inayotumwa kuzipatanisha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakai hata kufumba na kufumbua,
basi jembe lake limsubiri, na mlango wa nyuma uwe wazi.

Tulichimba siku nne.
Fito tatu, mita mbili na nusu kila mmoja,
zimeachana kama watu wanaodaiana.
Mkaa. Chumvi ya Uvinza, magunia mawili,
mpishi wa kituo akatutazama kama wezi.
Badala ya shaba, ukanda wa chuma uliochovywa zinki,
mzito, mchafu, haumtamanishi mtu wa bangili.
Kileleni, ncha ipite antena kwa urefu wa mkono
ili ipigwe yenyewe.
Kila ukoo una mmoja wa namna hiyo.
Kikinga-radi kimoja jirani na redio, kingine ukutani,
na kebo ipinde kabla ya kuingia, maji yadondokee nje.
Kisha ukanda wa mwisho, chini kwa chini,
nguzo na jengo vishikane mikono.

Bi Skolastika alitokea siku ya pili na jembe lake.
Nikasema, "Mwakeye." Hakuitika.
Akachimba mtaro katikati ya maharage yake,
aking'oa mashina bila kuyatazama,
akauliza swali moja tu:
"Hii namba yako inashuka lini?"

Ilishuka Alhamisi jioni. Tatu nukta nane.
Nilimpa kipimo yule wa kiberiti asome.
Akasoma. Nikamwambia asome kwa sauti.

Januari, usiku, niko Kasulu kitandani na simu.
Dirisha likawa jeupe. Nikahesabu: moja, mbili, t—
Upande wa Manyovu kulikuwa kunapasuka.
Nikaiuliza nguzo: upo?
Nipo, milisekunde saba.
Upo?
Nipo, tisa.
Upo?

Upo?

Nipo, kumi na mbili.

Asubuhi Yoramu alipiga simu.
Ncha ya juu nyeusi, imepinda kama kucha. Redio nzima.
"Na watu wanasemaje?"
Wanasema ni bahati.
"Na Bi Skolastika?"
Anauliza nani atamlipa maharage yake.